Ubao Chini ya Kisigino

3 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Usishangae kupata barua ya mkono kama vile tuko enzi za babu zetu. Simu ninayo, ila siku hizi ni ya binti yako. Namba ya siri anaijua kuliko mimi, na kila ujumbe unaoingia anausoma kwanza. Haya ya leo sitaki ayasome. Naiandikia hapa hapa dukani, juu ya meza ya kukatia vitambaa, na bahasha nitampa dereva wa basi kwa mkono wangu mwenyewe.

Ulipotutembelea mwaka jana ulicheka ukasema Njiti amerefuka kama amevutwa na mtu. Kumbe hakuwa anarefuka tu. Daktari wa mifupa amemtazama, akasema uti wa mgongo wake unapinda. Si kwa sababu ya begi zito wala kukaa vibaya, kama nilivyokuwa nikimgombeza. Unapinda wenyewe kwa vile bado anakua. Ukipinda polepole atavaa mkanda mgumu, ule wa kutoka kwapani hadi kiunoni, na mambo yataishia hapo. Ukipinda haraka mkanda haufui dafu. Itabidi wampasue mgongo wamwekee vyuma. Na ukiachwa kabisa utambana mapafu.

Daktari huyo anakuja huku mara moja moja tu. Kwa hiyo ameagiza kila mwisho wa mwezi nimpige mtoto picha ya mgongo, amesimama wima, mgongo wazi, niitume kliniki wailinganishe na ya mwezi uliopita. Wakiona mabadiliko watamwita.

Kasheshe iko hapo. Njiti hataki picha. Anavaa sweta jua likiwaka. Picha ya darasa lao ameichana upande wake, sura za wenzake zote zipo, yeye hayupo. Juzi nilijifanya mjanja nikamvizia anabadilisha nguo. Alipiga ukelele majirani wakatoka nje, akaninyang'anya simu akaibamiza ukutani, kioo kikapasuka. Akaniambia, "Mama, mimi si kitambaa chako!" Tangu siku hiyo tunaongea kwa kutikisa vichwa.

Wewe ni mpigapicha. Watoto wa watu wa umri wake unawapiga kila siku, na wanakutii. Nifundishe. Tangu kaka yako atutoke, niliyebaki naye ni huyu mmoja. Akipanda ngazi nasimamisha cherehani nisikilize anavyopumua. Naogopa, wifi. Nasema wazi, naogopa.

Wifi yako


9 Februari

Wifi,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Pole sana. Pole kwako na pole kwa Njiti wangu.

Sasa nisikilize mimi niliyezeeka nyuma ya pazia la studio. Kosa lako la kwanza ni kuvizia. Kijana ukimvizia mara moja, atakuona mwizi mwaka mzima. Kosa la pili naamini ulimwambia "simama vizuri". Usimwambie mtu wa miaka kumi na minne asimame vizuri, maana ndani ya kichwa chake anasikia "umesimama vibaya". Wala usimwambie atabasamu. Anakunja uso kama amemeza dawa ya minyoo.

Mpe simu akupige wewe kwanza. Ndiyo, wewe, na mgongo wako. Mwache akucheke. Akishakucheka mpaka akatosheka, mwulize yeye angependa apigwe wapi, ukuta upi, mwanga upi, saa ngapi. Kijana hapendi kupigwa picha, anapenda kupiga amri. Basi mpe amri. Yeye ndiye bosi, wewe ni kidole cha kubonyeza tu. Akisema leo hapana, mjibu sawa, ukashone. Kesho atakufuata mwenyewe.

Mbinu hii haijawahi kuniangusha. Nimewapiga mapacha waliokuwa hawaongei, nikampiga na yule mtoto wa mwalimu mkuu aliyeniuma kidole.

Na usiogope kabla ya wakati. Mimi naogopa kwa niaba yako, wewe shona.

Wifi yako wa studio


14 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa gauni lako jipya kwa sababu vifurushi vya mama vya ofisi ya mabasi napeleka mimi. Mama hajui nimekuandikia. Si siri mbaya.

Nataka kukuuliza jambo la kazi yako. Nina rafiki darasani, bega lake moja limeshuka kuliko jingine. Wenzetu wanamwita Mizani. Kila akipita wanainamisha vichwa upande mmoja. Karibuni tutapigwa picha na hataki kutokea vile. Nyinyi wa studio mnafanyaje mtu akiwa hivyo? Kuna kitu cha kufanya kabla ya kupiga, siyo kurekebisha kwenye kompyuta? Maana simu yetu haina hayo mambo.

Nijibu kwenye bahasha ya zile picha za mitindo ya nguo unazomtumia mama, nitaiona mimi kwanza. Usimwambie mama, ataanza kumhurumia rafiki yangu, na huruma ya mama unaijua.

Njiti


20 Februari

Njiti wa shangazi,

Marahaba. Umenifurahisha kumjali mwenzako. Kwanza acheni kumwita Mizani, mwiteni jina lake.

Ni rahisi kuliko unavyodhani. Hapa studio nina kipande cha ubao mwembamba, kimekaa nyuma ya pazia miaka na miaka. Mteja mwenye bega lililoshuka namwekea chini ya kisigino cha upande ule ule. Nyonga inapanda, bega linafuata. Kisha picha naikata kiunoni, miguu isionekane. Upande mzuri naugeuza kidogo kuelekea dirishani, na kivuli kinameza kilichobaki. Kama hana ubao, daftari nene linatosha. Akivuta pumzi na kuishika, ananyooka zaidi. Maharusi wangapi wametoka hapa wima kama mlingoti, na waume zao hawajui mpaka leo!

Mwambie rafiki yako atoe pumzi kidogo kabla ya kubonyezwa, uso usikakamae. Na wewe, mkubalie mama yako picha. Anakupenda mpaka anakera, ndivyo mama walivyo.

Shangazi


2 Machi

Wifi,

Midomo yangu haifungi kwa furaha. Mbinu yako ni dawa! Nilimpa simu anipige mgongo. Alicheka, wifi, alicheka kile kicheko chake cha zamani mpaka akakaa chini. Akanionyesha jinsi ninavyoonekana kutoka nyuma, nikasema mimi kumbe ni kabati. Baada ya siku tatu akanifuata dukani mwenyewe: "Mama, njoo upige."

Ana masharti yake, kama ulivyosema. Ni chumbani kwake, kwenye kona ya dirisha. Mimi nangoja nje ya mlango mpaka aniite, nikiingia ameshajipanga, amejifunga kanga mpaka sakafuni. Na ni kuanzia kiunoni kwenda juu, hataki chini. Nikamwuliza miguu je? Akajibu, "Miguu yangu inaumwa nini mpaka upige?" Nikabonyeza, bosi ni yeye.

Kliniki wamejibu kwamba hakuna mabadiliko, tuendelee hivyo hivyo. Nililia kwenye maduka ya vifungo, watu wakanitazama.

Jambo dogo tu. Nimemshonea sketi ya shule, upindo nimeupima mara mbili, na bado akivaa upande mmoja unaning'inia. Nafikiri macho yangu yameanza kuchoka. Nitaenda kupimwa miwani.

Tumepatana kabisa sasa. Hata barua hii anaipeleka yeye.

Wifi yako


6 Aprili

Wifi,

Picha ya mwisho wa Machi imetoka nzuri kuliko ya kwanza. Kliniki wamesema vile vile, hakuna mabadiliko.

Basi kwa nini roho yangu iko juu juu? Sketi nimeifumua na kuishona upya, imegoma tena. Blauzi nimeitia sponji begani, upande mmoja tu, ndipo kola ikakaa. Miwani nimenunua, sasa naona vizuri upindo unavyopinda. Njiti ameacha kubeba ndoo. Anasema amechoka na masomo. Akipanda ngazi anapumzika katikati na kujifanya anafunga kiatu. Viatu vyake havina kamba.

Picha inasema mzima, masikio yangu yanasema vingine. Sitaki kumwuliza. Nikimwuliza atajifungia tena, na hii amani nimeitafuta kwa jasho. Nimekuwekea kadi ya kumbukumbu ya simu ndani ya bahasha. Nisafishie picha zote mbili ziwe kubwa, ukubwa wa karatasi, nizitazame kwa miwani yangu mpya. Labda nikiziona kubwa nitatulia.

Wifi yako


10 Aprili

Njiti,

Barua hii iko kwenye bahasha ya picha, mahali pale pale uliponiagiza. Isome ukiwa umekaa.

Nimezitoa picha zako kubwa kama mama yako alivyoomba, nikaziweka mezani pembeni ya dirisha. Nikaona kazi yangu kwenye picha ambazo sikuzipiga. Zimekatwa kiunoni. Upande mzuri uko dirishani. Kivuli kiko pale pale ambapo mimi hukiweka. Hata shingo umeishika kama ninavyowashikisha maharusi. Na kwenye ile ya pili, ukubwa ule, mbavu za upande wa giza zimesimama peke yake, zimetoka nje kama mkono uliokunjwa chini ya shuka.

Hakuna Mizani mwingine darasani kwenu. Mizani ni wewe.

Sikiliza, mtoto wangu. Kliniki wanaangalia daftari lililo chini ya kisigino chako, hawaangalii mgongo. Mwambie mama yako. Mwambie leo. Mficha maradhi, unajua mwisho wake, mimi sitaumalizia.

Shangazi


15 Aprili

Shangazi,

Ninajua unapinda. Usidhani sijui. Kila Jumamosi mama akiwa dukani najipiga mwenyewe, bila daftari, simu nimeiegemeza kwenye kikombe. Nikishaitazama naifuta. Watu husema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimeshajikunja mwenyewe, hakuna aliyenikunja.

Siku ile kliniki mama alitoka kunitafutia maji. Nyuma ya pazia manesi wawili walikuwa wakizungumza habari za msichana mmoja aliyepasuliwa mgongo kama watakavyonipasua mimi. Alipoamka akamwuliza mama yake kwa nini wamemfunika miguu na kitu kizito. Hawakuwa wamemfunika. Mama aliporudi na maji nikayanywa yote.

Tangu siku hiyo kila asubuhi kabla sijafumbua macho nachezesha vidole vya miguu. Naogopa mno, shangazi. Naogopa vyuma, naogopa kuamka. Na namwogopea mama. Mama akiwa na hofu haongei, anashona. Mwezi uliopita alijidunga sindano kidoleni akaendelea, blauzi ya mteja ikaingia damu. Yeye mwenyewe amenitia sponji begani na hakuniuliza kitu. Sasa mimi nimdanganye nini zaidi, wakati hataki kujua?

Usimwambie. Wewe ndiye uliyenifundisha. Ukimwambia sitakuandikia tena, na sitakuita shangazi.

Njiti


22 Aprili

Wifi yangu,

Hii ni barua ya pili kwa habari moja. Ya kwanza hukunijibu.

Na hapa naacha kumwandikia mama yako, kwa sababu najua ni wewe Njiti unayesoma. Ile ya kwanza uliichukua ofisi ya mabasi ukaificha. Nikipiga simu unapokea wewe, unasema mama ana mteja. Nimepiga asubuhi, nimepiga jioni. Mama yako ana wateja kuliko benki.

Sikasiriki. Ningekuwa na miaka yako ningeficha hata dereva wa basi. Habari ya yule msichana na miguu yake imenikosesha raha nami pia, wala sitakudanganya kwamba haiwezi kutokea. Sijui. Mimi ni mpigapicha. Ila najua jambo moja: kila wiki unayosimama juu ya daftari, hao madaktari wanapungukiwa njia. Mkanda ulikuwa njia. Sijui kama bado upo.

Nilikupa siri ya kipande cha ubao nikidhani ninamsaidia mtoto wa watu asichekwe. Kipande chenyewe nimekitupa.

Jumamosi nafunga studio nakuja. Nitaingia dukani, nitamwambia mama yako mbele ya wateja wote kama itabidi. Ninakupa nafasi umwambie wewe kabla yangu. Akisikia kwako ataumia. Akisikia kwangu ataumia mara mbili.

Shangazi yako, hata usiponiita


26 Aprili

Shangazi,

Nimezisoma zote. Usije Jumamosi, tafadhali. Nipe mpaka Jumapili jioni. Ukija wewe nitasimama nyuma yako, na sitaki kusimama nyuma ya mtu.

Vidole vya mguu wa kushoto vinakufa ganzi nikikaa sana. Hilo sijamwambia mtu.

N.


Jumanne, 30 Aprili

Wifi,

Simu zako naziona. Sipokei. Niko wodini, na nikisikia sauti yako nitapiga kelele wanitoe nje, kwa hiyo nakuandikia. Barua hii anaileta dereva yule yule.

Jumapili Njiti aliniita chumbani. Safari hii hakuniambia ningoje mlangoni. Alikuwa pekupeku, katikati ya sakafu, mbali na dirisha. Daftari la hesabu lilikuwa pale kwenye kona, jalada limebonyea mahali pa kisigino. Akalifuata, akalisukuma kwa mguu chini ya kitanda, akarudi katikati. Akavua blauzi, akanipa mgongo, akasema, "Mama, piga."

Mimi napima watu migongo tangu nikiwa msichana. Nikimtazama mteja anavyoingia mlangoni najua bega lipi nitalipa nafasi. Mgongo wa mwanangu, wifi, ulikuwa umekwenda kama mto. Sikuweza kupiga. Picha ya kwanza ikatoka ukuta mtupu, ya pili ikatoka ukungu. Njiti hakugeuka. Akaniambia polepole, "Mama, usiogope. Toa pumzi kwanza, ndipo ubonyeze." Mtoto ndiye aliyekuwa akinibembeleza mimi nikubali. Ya tatu ikatoka. Baada ya hapo tulikaa sakafuni, akanieleza yote, barua na ubao na yule msichana wa nyuma ya pazia.

Kliniki walipoiona hawakujibu kwa ujumbe, walipiga simu. Daktari alifika jana. Wakati wa mkanda umeshapita. Alhamisi asubuhi wanampasua. Akasema, "Mngeniletea picha kama hii mwezi wa tatu..." Hakumaliza, na sikumwomba amalize.

Ulijua tangu tarehe kumi. Ukamwandikia yeye, ukamwandikia tena, huku mimi natia sponji na kununua miwani. Nilidhani mbinu yako imenirudishia mwanangu, kumbe alikuwa anacheka na mimi usoni na kuninyima mgongo. Wewe ulilijua hilo ukampa siku, na siku hazikuwa zako za kugawa. Nimekasirika mpaka chakula kinanipita kooni kama pamba.

Njiti alimwuliza daktari mbele yangu, bila kupepesa macho: "Nitatembea?" Daktari akamjibu kwamba wengi hutembea, na kwamba hawezi kumwapia. Nilitaka kumziba mdomo. Njiti akasema ahsante. Amelala kwa ubavu, shuka ameipandisha mpaka magotini, na vidole vya miguu anavichezesha, anavitazama, anavichezesha. Mlango ukifunguka anainua kichwa. Nesi akiingia anakilaza tena. Hajakutaja, lakini mimi si mjinga, najua anamtazamia nani.

Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Nina maneno mengi ya kukuambia, nimeyapanga, na utayasikia yote. Lakini nje ya chumba cha upasuaji kuna benchi refu la mbao. Nimelikalia leo kujaribu. Nilikaa kidogo tu nikainuka, nikarudi wodini kushika miguu ya mwanangu. Siwezi kulikalia Alhamisi peke yangu.

Njoo unigombeze, nikugombeze, watutoe wote wawili. Basi la Jumatano jioni lina nafasi, nimeuliza.

Wifi yako